Ngozi yako si kipimajoto, na kuna daktari alikatwa neva ndio tujue

Wasee, hii posti nimeiandika na kuifuta mara tatu. Si ati ni ngumu. Ni vile inaanza na kitu nilichomfanyia shosho yangu, na hadi sai nikikumbuka tumbo linanikaza.

Ilikuwa Julai, Nyahururu. Kama hujawahi kulala Nyahururu mwezi wa saba, tafadhali usiniletee hadithi za baridi ya Nairobi. Shosho ana kisukari, ni miaka mingi sasa, na kila jioni alikuwa anapenda kuloweka miguu kwa beseni la maji moto yenye chumvi huku akisikiza redio. Siku hiyo mimi ndiye nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimeosha vyombo karibu nusu saa kwa maji moto, ule mtindo wa kuongeza kutoka kwa birika kila yakianza kupoa. Nikajaza beseni lake, nikatumbukiza mkono kupima. Yako sawa. Vuguvugu tu, hata nikaona ni kama yanaelekea kupoa. Nikampelekea.

Akaweka miguu yote miwili ndani, akakaa kidogo. Shosho huniita mume wake kwa sababu nimebeba jina la guka. Akaniambia, "Mume wangu, mbona haya maji hayana moto?"

Nikaongeza birika. Ndiyo. Niliongeza.

Hakupiga kelele hata moja. Alikuwa anacheka na kitu mtangazaji alisema. Alipotoa miguu kujikausha ndipo tukaona ngozi ya vidole imeanza kuinuka. Kufika asubuhi ilikuwa malengelenge, na vile vidonda vilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga, kwa sababu vidonda vya mtu wa sukari havina haraka. Kliniki, muuguzi alimgusa nyayo kwa kiuzi fulani cha plastiki, akamwambia afunge macho aseme akisikia. Shosho akanyamaza tu. Muuguzi akatueleza kwamba neva za miguu zimechoka. Kwa grupu ya familia, ami mmoja akaandika kwamba niliacha chuo na sasa hata maji siwezi kupasha. Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Lakini usiku nilikuwa najiuliza swali moja. Sawa, miguu ya shosho ilikuwa imezima. Mkono wangu je? Mimi ni mzima, sina sukari, nina miaka 22. Mbona mkono wangu ulisema maji ni sawa? Nikaanza kusoma, na nikagundua jibu liliandikwa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hicho ndicho kiliniudhi. Hii kitu inajulikana, na hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Anza na John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye pia alikuwa amesomea udaktari. Kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu kilichapishwa na mwaka 1690 kwenye jalada. Ndani yake kuna hoja ndogo sana kuhusu maji. Anasema maji yaleyale, kwa wakati uleule, yanaweza kusikika baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine. Maji ni mamoja. Hayawezi kuwa baridi na moto kwa pamoja. Kwa hivyo ule moto unaousikia si kitu kimekaa ndani ya maji kikikungoja. Ni kitu kinachotokea kati ya maji na wewe.

Usiamini mimi wala Locke. Chukua sufuria tatu leo. Moja maji baridi ya mfereji, moja maji moto ya kuvumilika (ya kuvumilika, nimesema, usinipeleke kortini), ya katikati maji vuguvugu. Mkono wa kushoto kwa baridi, wa kulia kwa moto, hesabu dakika mbili, halafu yote miwili kwa sufuria ya katikati. Utacheka. Mikono yako miwili itabishana kuhusu sufuria moja, na kila mmoja utakuwa na uhakika kabisa.

Sasa rudi jikoni kwetu. Mkono wangu ulikuwa umetoka nusu saa kwa maji ya vyombo. Ulikuwa ule mkono wa kulia. Sikupima maji ya shosho. Nilipima tofauti kati ya maji ya shosho na maji ya vyombo, na tofauti ilikuwa ndogo, kwa hivyo mkono ukasema hakuna shida.

Baada ya Locke watu walipata vifaa vizuri zaidi. Fahrenheit alitengeneza kipimajoto chake cha zebaki mwaka 1714, Celsius akaleta kipimo chake mwaka 1742. Ungefikiri hapo mkono ungestaafu. Wapi. Madaktari waliendelea kuweka kiganja kwa paji la uso la mgonjwa kwa zaidi ya karne nyingine. Aliyewasukuma kweli kweli ni Carl Wunderlich, daktari wa mji wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa karibu 25,000. Ile 37 tunayoimba kila siku kama joto la mwili, ni yeye aliifanya maarufu.

Na bado, leo hii, mama anatoka kufua nguo kwa maji baridi, anakuwekea mkono kwa uso, anasema una homa. Mama, mkono wako ndio una baridi! Lakini pia simcheki sana, nitakuambia kwa nini huko mbele.

Mji huohuo wa Leipzig ndipo alikuwa mtu ninayempenda kuliko wote kwenye hii hadithi. Ernst Heinrich Weber, alizaliwa 1795, profesa wa anatomia. Wakati wenzake walikuwa wanapasua maiti kutafuta ukweli, Weber alichukua vitu vya kawaida, sarafu, vizito vya mizani, na bikari, ile bikari ya kwenye seti yako ya hesabu, akaanza kuwagusa watu akiwauliza wanasikia nini. Ndiyo hiyo tu. Aligusa watu akaandika. Mwaka 1834 akatoa kitabu kwa Kilatini, na mwaka 1846 akatoa kingine kwa Kijerumani kuhusu hisi ya mguso, na kile cha pili kilisomwa sana.

Jaribio moja lake liko hivi. Unalaza kichwa nyuma, anakuwekea sarafu ya fedha kwa paji la uso, sarafu baridi. Anaitoa. Kisha anaweka sarafu mbili za aina hiyohiyo, moja juu ya nyingine, lakini zimepashwa kidogo. Anauliza, zipi nzito? Watu walimwambia ile moja baridi ni nzito sawa na zile mbili za vuguvugu, au hata zaidi. Yaani baridi iliongeza uzito ambao haupo. Ukifikiria ngozi kama kamera inayopiga picha ya dunia vile ilivyo, hapo imevunjika.

Jaribio lingine ndilo liliniuma. Weber aliingiza kidole kimoja kwa maji moto, na mkono mzima wa pili kwa maji ambayo hayakuwa moto kama yale. Mkono mzima ulidai maji yake ndiyo moto zaidi. Ngozi inajumlisha. Eneo kubwa linapiga kelele kubwa hata kama joto ni dogo. Kwa hivyo ukipima maji ya beseni kwa ncha ya kidole, halafu mtu aingize miguu yake mizima, hamjapima kitu kimoja.

Wazo kubwa la Weber lilikuwa hili: ngozi haisomi joto, inasoma mabadiliko ya joto lake yenyewe. Ngozi ikipanda, unasikia moto. Ikishuka, baridi. Ikitulia, kimya. Baadaye Ewald Hering alimpinga, na alikuwa na hoja, kwa sababu ukikaa na vidole vya barafu saa nzima bado unasikia baridi hata kama haviendelei kupoa. Lakini kwa joto la katikati, lile la kila siku, Weber alikaribia sana. Leo tunajua ngozi yako ikiwa kati ya digrii 30 na 36 hivi, inazoea na kunyamaza. Ukiibadilisha polepole, nusu digrii kwa dakika, inaweza kusonga digrii kadhaa bila wewe kujua. Ukiibadilisha haraka, wueh, ni mambo mengine. Kile kinofu cha kiganja chini ya kidole gumba kinaweza kutofautisha mishuko miwili ya joto inayopishana kwa chini ya sehemu ya kumi ya digrii moja. Kipimajoto cha duka la dawa huandika hadi desimali moja. Ngozi yako inakishinda, mradi swali liwe "imebadilika?" na si "ni ngapi?"

Ndiyo sababu ile chuma ya kushikilia kwa matatu asubuhi ya Julai inakuuma na kiti cha kitambaa hakikuumi, na vyote vimelala gari moja usiku kucha kwa joto moja. Chuma inanyonya joto la kiganja haraka. Ngozi inasoma ile kasi ya kunyonywa. Kiti kinanyonya polepole. Wewe unaapa chuma ina baridi zaidi. Haina.

Kitu ambacho Weber hakuwa nacho ni ramani. Miaka ya 1880 watu watatu, kila mmoja kivyake, walipata jambo lilelile karibu kwa wakati mmoja: Magnus Blix kule Uppsala, Uswidi, Alfred Goldscheider, daktari wa jeshi Ujerumani, na Henry Donaldson, Marekani. Ukigusa ngozi kwa ncha ndogo sana ya chuma baridi, si kila mahali unasikia baridi. Kuna vituo. Hapa baridi, milimita mbili kando hakuna kitu, pale baridi tena. Na vituo vya moto ni vingine kabisa, tena ni vichache kuliko vya baridi. Mjerumani mwingine, Max von Frey, mwaka 1895 alionyesha jambo la ajabu zaidi: ukigusa kituo cha baridi kwa ncha ya digrii 45 hivi, unasikia baridi. Kituo kinajua neno moja tu. Ukikipiga kwa chochote kinasema neno lake.

Sasa, mtu wa kichwa cha hii posti.

Henry Head alikuwa daktari wa neva London Hospital, eneo la mashariki mwa London, lile la maskini. Wagonjwa wake walikuwa watu wa mikono, waliokatwa na vioo na mashine. Head alitaka kujua: neva ikikatwa na kushonwa, hisia zinarudi kwa mpango gani? Lakini wagonjwa hawangeweza kukaa masaa wakijibu maswali elfu moja, "hii ni moto kidogo au moto kidogo zaidi?" Wana njaa, wana kazi, wanataka kwenda nyumbani. Head akaamua anahitaji mgonjwa mwenye subira, aliyesoma, asiye na haraka. Akajichagua mwenyewe.

Tarehe 25 Aprili 1903, akiwa na miaka 41, daktari wa upasuaji alimkata neva mbili za ngozi za mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, na kuzishona tena kwa uzi wa hariri. Alikuwa mzima kabisa. Hakuwa na ugonjwa wowote. Eneo la nyuma ya mkono upande wa kidole gumba likazima.

Halafu kwa zaidi ya miaka 4 alikuwa anapanda treni kwenda Cambridge, chuo cha St John's, kwa rafiki yake W. H. R. Rivers. Huyu Rivers ni yule ambaye baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwatibu wanajeshi waliovunjika akili, pamoja na mshairi Siegfried Sassoon. Head anakaa, anafunga macho, ananyoosha mkono. Rivers anagusa kwa pamba, kwa sindano, kwa mirija ya maji ya joto tofauti tofauti, bila kumwambia ni gani. Head anasema anachosikia. Rivers anaandika. Wikendi baada ya wikendi. Mimi hapa siwezi kukaa na kitabu dakika ishirini bila kushika simu.

Walichokiona ndicho kilinifanya niweke simu chini.

Hisia hazikurudi zote pamoja. Kwanza, baada ya wiki na miezi, zikarudi zile kali. Sindano, barafu, maji ya moto sana. Zilirudi vibaya, kama mtu anayepiga kelele: Rivers anagusa hapa, Head anasikia kule, na baridi ikija inakuja kubwa kupita kiasi. Lakini joto la katikati, takriban kutoka digrii 26 hadi 37, hakusikia chochote. Lile eneo lote ambalo sisi tunaliishi, chai iliyopoa, maji ya kuoga, mkono wa mtu, lilikuwa kimya. Ule uwezo mdogo, wa kusema "hii ina joto kidogo kuliko ile", ulichelewa sana. Ulianza kurudi baada ya mwaka na zaidi, na haukuwa umekamilika walipochapisha matokeo mwaka 1908.

Head alizipa hisia hizo majina mawili, protopathiki kwa zile za zamani na kali, epikritiki kwa zile laini za kutofautisha. Akadhani ni mifumo miwili tofauti, mmoja wa kale wa kuokoa maisha na mwingine mpya uliokuja juu yake. Mwaka uliofuata, madaktari wengine wawili wa London, Wilfred Trotter na Hugh Morriston Davies, wakakatwa neva zao kadhaa pia (madaktari wa enzi ile walikuwa na shida gani?) na wakasema hapana, wao hawakuona hatua mbili, waliona kitu kinarudi polepole kidogo kidogo. Nadharia ya Head haikudumu jinsi alivyoitaka. Lakini lile tokeo la msingi mimi linanitosha: kusikia kuungua ni kitu kimoja, na kusikia tofauti ndogo ni kitu kingine, na unaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Nilisoma hapo nikamfikiria shosho. Safari ya Head ilikuwa ya kurudi. Ya shosho ilikuwa ya kuondoka. Sukari nyingi kwa damu kwa miaka mingi inaharibu neva, na inaanza na zile ndefu zaidi, zinazofika vidole vya miguu. Nyuzi za joto ni kati ya zile nyembamba kabisa mwilini. Na hata bila sukari, vidole vya miguu ni wanafunzi wa nyuma darasani: midomo na uso husikia tofauti ndogo sana, miguu inahitaji tofauti kubwa mara nyingi zaidi, na kwa wazee pengo linazidi. Hakuna siku ilifika ambapo shosho aliambiwa "leo umepoteza vuguvugu". Kitu kinachosoma mabadiliko hakiwezi kukuambia kwamba chenyewe kimebadilika. Ukimya wa neva iliyokufa na ukimya wa neva iliyozoea vinasikika sawa. Ndio maana alisema maji hayana moto. Hakuwa anakosea. Alikuwa anaripoti.

Wakoma wanajulikana kwa historia hiyohiyo. Doa la ukoma kwa ngozi mara nyingi hupoteza hisia ya joto mapema, ndiyo maana wahudumu wa afya walikuwa wanapima kwa mirija miwili ya kioo, mmoja wa maji moto, mmoja wa baridi. Watu waliona vidole vilivyoisha wakasema ni laana, au nyama inaoza yenyewe. Mara nyingi ilikuwa sufuria. Ilikuwa jiko, msumari, kiatu. Ilikuwa mtu anayepika chakula chake kama kawaida na hakuna kinachomwambia aachilie.

Sehemu ya mwisho ya historia naipitia haraka kwa sababu ndiyo inajulikana. Mwaka 1997 David Julius na timu yake, San Francisco, walitafuta kitu ambacho pilipili inagusa mwilini. Wakapata protini, kama mlango mdogo kwenye ukuta wa neva, unaofunguka joto likifika karibu digrii 43. Pilipili inaufungua mlango huohuo bila joto lolote. Kwa hivyo mdomo "ukiungua" kwa pilipili, haudanganyi, unatumia neno lilelile. Mwaka 2002 Julius, na Ardem Patapoutian akifanya kazi kivyake, wakapata mlango wa baridi, na ufunguo wake wa bandia ni mentholi, ile ya mafuta uliyopakwa kifuani ukiwa mdogo. Kwamba mentholi inachezea neva za baridi, Hensel na Zotterman walikuwa wameshaonyesha mwaka 1951. Patapoutian alizaliwa Beirut, akakimbilia Marekani akiwa kijana, akapeleka pitsa na kuandika unajimu kwa gazeti ili apate karo. Mwaka 2021 yeye na Julius wakapewa Nobel. Ami, kama unasoma, jamaa alikuwa anapeleka pitsa.

Na kuna utafiti mmoja hausifiwi lakini ndio ningepaka kwa ukuta wa kila jikoni. Mwaka 1947 Moritz na Henriques, Marekani, walipima ngozi inachukua muda gani kuungua. Kwa digrii 44, karibu masaa 6. Kwa 60, sekunde 5 hivi. Angalia hiyo tofauti. Digrii 16 tu, na unatoka masaa hadi sekunde. Mkono uliotoka kwa maji ya vyombo hauwezi kukuambia uko upande gani. Na mimi niliongeza birika.

Nilisema nitarudi kwa mama na homa. Mkono wa mama si wa kutupwa. Anakugusa wewe, kisha anamgusa ndugu yako, kisha anakugusa tena. Hapo anafanya kile ngozi inajua kufanya, anafananisha, na kwa kufananisha ngozi ni hatari sana. Shosho mwenyewe alipokuwa analea alikuwa anapima maji ya mtoto kwa kiwiko, si kwa kiganja. Nilifikiri ni ushamba. Kumbe kiganja ndicho kimetoka kufua, kushika sufuria, kugeuza chapati. Kiwiko kilikuwa mahali pake siku nzima, hakijazoea chochote. Yeye alijua. Mimi ndiye nilikuwa na intaneti na sikujua.

Kliniki walikataza kuloweka kabisa. Aoshe haraka, akaushe hadi katikati ya vidole, basi. Shosho amekubali nusu. Kila jioni nikiwa huko ananijadili dakika tano, tunakubaliana mbili. Nilinunua kile kipimajoto cha plastiki cha maji ya kuogesha watoto, kile chenye umbo la samaki, na kinaelea kwa beseni kama mgeni asiyealikwa. Wiki iliyopita kilisoma 36. Akatumbukiza miguu, akanitazama. "Mume wangu, haya ni ya mto." Nikamwonyesha samaki. Akasema samaki hana miguu.

Birika nilikuwa nimeiacha jikoni, na mlango wa jikoni nilikuwa nimeufunga.